Kiti cha Bella Ndani ya Pikapu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri upande wa Burundi, Noella alichota maji kwa bidoni la plastiki na kuosha vioo vya pikapu ya baba yake. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, ya milango minne, na rangi yake ya buluu ilikuwa imebaki kwenye milango tu. Lakini Uvira nzima, nani asiyeifahamu? Jean-Marie, baba yake Noella, aliwabebea watu nyanya, muhogo na mchele kati ya mji na vijiji vya bonde la Ruzizi, na sifa yake ilikuwa moja tu: mzigo uliofungwa na Papa Noella hauanguki. Barabara iwe na mashimo, iwe na matope, nyanya za watu zitafika.

Alifunga kwa mipira mirefu iliyokatwa kutoka tyubu za zamani. Akimaliza, aliushika mzigo kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu.

“Mzigo ukicheza peke yake, hujafunga kitu,” alizoea kumwambia Noella. “Ukicheza pamoja na gari lote, hapo twende.”

Noella alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alijua mafundo yote ya baba yake. Kina mama wa sokoni walimwita Fundi Mdogo. Alilipenda jina hilo kuliko peremende, na wakati mwingine alipita karibu nao makusudi ili alisikie.

Jumamosi ile safari haikuwa ya kazi. Mama yake Noella, Victoire, alikuwa kijijini Runingu kwa mama yake, Bibi Pudentienne, akimsaidia kuvuna mchele. Jean-Marie alikuwa anampeleka Noella huko kwa ajili ya likizo, na mdogo wake Bella, wa miaka miwili na nusu, aende kumsalimia bibi. Kesho yake Jean-Marie angerudi mjini na mama na Bella. Kwa hiyo baba alikuwa anakwenda ukweni, na mtu haendi ukweni hivihivi! Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, akawa anatembea uani kama mtu aliyebeba mayai.

“Noella,” aliita, “weye funga kile kiti cha mtoto. Mimi nikiingia huko nyuma nitatoka na unga mwili mzima. Mama mkwe atanionaje?”

Kiti hicho kilikuwa na habari yake. Mwezi uliopita Bella alikuwa amepakatwa na mama yake kwenye pikapu hiyohiyo. Gurudumu likaingia shimoni, mtoto akaruka kutoka mapajani na kugonga mdomo mbele. Ulichanika, akalia mpaka sauti ikakauka. Mjomba Toussaint, anayeendesha taksi Bujumbura, aliposikia, alitafuta kiti cha mtoto cha kufungwa garini, akavuka mpaka nacho hadi Uvira. Alimwonyesha Noella namna ya kukifunga ndani ya taksi yake: mkanda wa gari unapita kwenye tundu za kiti, unaingia kwenye kifungio, unasikia “tak!”, basi.

“Umeelewa?” mjomba aliuliza.

“Nimeelewa,” alijibu Noella.

Na kweli, kwenye taksi alielewa. Lakini pikapu si taksi. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kimebeba magunia ya unga wa muhogo miaka na miaka, maana unga unaogopa mvua. Noella alitafuta mikanda, hakuiona. Aliingiza mkono kati ya sehemu ya kukalia na mgongo wa kiti, akavuta, kikatoka kifungio kimoja kilichojaa unga mgumu kama udongo. Alikipuliza, akapiga chafya. Mkanda wenyewe, na ulimi wake wa chuma wa kuingia humo, uko wapi? Hakujua.

“Fundi!” baba aliita kutoka nje. “Bado tu?”

Laiti angesema bado! Lakini Fundi Mdogo aulize namna ya kufunga kiti? Alichukua mipira miwili nyuma ya gari, akaizungusha kwenye kiti cha Bella na kwenye mgongo wa kiti kikubwa, akakaza mafundo kwa meno. Kisha akakitikisa. Kikayumba kulia, kikayumba kushoto. Mpira ni mpira, unavutika. Noella alikitazama kidogo, moyo ukamwambia hapana, naye akachukua kitenge cha mama na kukitandika juu. Mafundo hayakuonekana tena. Ukiangalia kwa mlangoni, kiti kilipendeza sana.

“Umetikisa?” baba aliuliza akiwa ameshika ufunguo.

“Ndiyo, papa. Hakichezi.”

Baba hakuingiza hata kichwa. Alimweka Bella kitini kwa kunyoosha mikono, shati mbali na vumbi, na Noella akamfunga mikanda midogo ya mabegani. Wakaondoka.

Mpaka wanatoka mjini na kuacha ziwa nyuma yao, kila kitu kilikuwa kizuri. Bella alikuwa anaimba wimbo wake usio na maneno. Hewa ya bonde iliingia dirishani, mashamba ya mpunga yakaanza kuonekana huku na huku. Noella alikaa karibu na mdogo wake, mkono mmoja juu ya kiti. Kila walipopita shimo, kiti kiliinama kidogo, naye alikirudisha. Akajiambia, si neno, mimi nipo.

Kabla ya kufika Runingu, kundi la ng’ombe kutoka milima ya Rurambo lilikata barabara. Ng’ombe hawana haraka, hata ukipiga honi mpaka kesho. Baba alikuwa mwendo wa kawaida, lakini ndama mmoja alirudi nyuma ghafla, na breki zikalia.

Kiti cha Bella kilitoka mahali pake. Kilikwenda mbele chote na mtoto ndani yake, mipira ikavutika, na kama Noella asingekikumbatia kwa mikono miwili, kingegonga kiti cha mbele. Kisha mipira ikakirudisha nyuma, pwaa! Bella alishangaa kidogo, halafu akacheka.

“Tena!” alisema.

Jean-Marie aligeuka upesi. Alimwona binti yake mdogo anacheka, kiti kimekaa, kitenge kimetandikwa.

“Eeh, Mungu asifiwe,” alisema akishusha pumzi. “Umeona? Toussaint ametuletea kitu cha maana. Na weye umefunga vizuri, Fundi. Sasa nina amani. Kesho mama yako atakaa hapa mbele nami, tupige stori zetu, na Bella atakaa huko nyuma peke yake kama bosi.”

Peke yake. Kesho Noella mwenyewe atabaki Runingu. Ndama mwingine atarudi nyuma, au shimo, au pikipiki, na hakutakuwa na mikono ya kukumbatia kiti. Alimtazama Bella. Kovu la mdomoni lilikuwa bado jekundu.

Unaweza kudhani ni rahisi kufungua mdomo. Si rahisi hata kidogo, hasa mtu akiwa ametoka kukusifu. Noella alifikiri atafunga upya kwa siri usiku. Lakini angefungaje, wakati mkanda wenyewe hakuuona? Ng’ombe wa mwisho alivuka, baba akashika gia.

“Papa, usiondoke.”

“Nini? Unataka kutapika?”

“Hapana. Kiti hakikufungwa.” Machozi yalianza kutoka kabla ya maneno mengine. “Nilifunga na mipira. Nilikitikisa, kikacheza. Nikakufunika macho na kitenge. Sasa hivi kilitaka kuruka, mimi ndiye nilikishika.”

Jean-Marie alizima gari. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaondoa kitenge. Alikishika kiti na kukivuta kidogo tu. Kikamfuata.

“Yoo,” alisema taratibu. “Mtoto wangu alikuwa humu.”

“Nisamehe, papa.”

“Uliniambia uongo, Noella, na uongo huo ungetuulia Bella. Nimekasirika, sikufichi.” Alipangusa jasho. “Lakini umesema kabla hatujalia. Mshushe mdogo wako. Tukifunge.”

Alimpigia simu Toussaint, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

“Shemeji!” sauti ya mjomba ilitoka na kelele za Bujumbura nyuma yake. “Mnatafuta mikanda? Kwenye pikapu huipati kwa kuchokoa. Angusha mgongo wa kiti. Kuna kamba ndogo kando, ivute.”

Walikitoa kiti cha Bella, wakaipata kamba, wakaivuta, na mgongo mzima wa kiti ukalala mbele. Loo! Nyuma yake kulikuwa na unga wa miaka mitano, kalamu ya Noella ya darasa la tatu, na mikanda yote, imejikunja vizuri kama mipya.

“Sasa angalieni ukutani, nyuma ya mgongo huo,” mjomba aliendelea. “Kuna pete ya chuma?”

“Iko,” alisema Noella.

“Hiyo ni ya ule mkanda wa juu wa kiti cha mtoto, wenye ndoano. Usipoufunga, kichwa cha mtoto kinaenda mbele mno. Niliusahau kukuonyesha, kosa langu hilo. Hakikisha ndoano inashika chuma, si kitambaa.”

Jean-Marie alitazama shati lake mara moja. Halafu akaingia ndani nalo kama lilivyokuwa. Noella alisafisha vifungio kwa kijiti mpaka vikalia “tak”. Walirudisha mgongo wa kiti, wakapitisha mkanda kwenye tundu za kiti cha Bella, baba akaweka goti lake zito juu ya kiti kukikandamiza, na Noella akavuta mkanda kwa nguvu zake zote mpaka ukakaza. Ndoano ya mkanda wa juu ikashika pete, mkanda huo nao ukakazwa.

“Tikisa,” baba alisema.

Noella alikishika kiti pale mkanda unapopita, akakitikisa. Pikapu nzima ilicheza.

Walimfunga Bella mikanda ya mabegani, wakaijaribu kwa vidole kuona kama imelegea. Kisha baba akaonyesha mkanda mwingine uliolala kando.

“Na huo ni wako. Jifunge.”

Noella alijifunga. Jean-Marie alirudi mbele, akatazama mkanda wake mwenyewe, uliokuwa umening’inia mlangoni tangu siku aliponunua gari. Aliuvuta. Ulitoka kwa shida, ukiguna, ukamwachia mstari mweusi kutoka begani mpaka kiunoni.

“Mimi nilitikisa nyanya za watu wote wa soko,” alisema kwa sauti ya chini akiwasha gari. “Kwa mtoto wangu mwenyewe, nikaacha shati linizuie. Kosa si lako peke yako, Noella.”

Runingu walipokelewa kwa vigelegele, na kwa kicheko pia. Mama Victoire aliziba mdomo alipomwona mumewe amejaa unga, na Bibi Pudentienne aliuliza kama mkwe wake amekuja kwa gari au ndani ya gunia. Lakini baba hakuona haya kueleza yote, na Noella akaeleza sehemu yake, kichwa chini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alimbeba tu Bella, akaupapasa ule mdomo wenye kovu, na kwa muda mrefu hakumshusha.

Kesho yake jioni, magunia ya mchele yakiwa yamefungwa nyuma, Noella alimweka Bella kitini kwa safari ya kurudi. Mama alisimama mlangoni na mkoba wake. Majirani wawili watatu walikuja kuaga, na mmoja wao, anayeuza nyanya Uvira, akasema kwa furaha, “Kumbe Fundi Mdogo ndiye anafunga hata watoto sasa!”

“Tayari, Noella?” mama aliuliza.

Noella alikuwa na vidole kwenye mkanda wa bega la Bella. Jana mtoto alivaa sweta. Leo alikuwa na kigauni chepesi, na mkanda ulikuwa umelegea. Alikuwa amejaribu kuuvuta, ukakataa. Watu wote walikuwa wanamtazama.

“Bado, mama,” alisema, na sauti yake ilisikika vizuri. “Umelegea hapa, nami sijui namna ya kuukaza. Papa, njoo utusaidie.”

Jean-Marie alishuka. Walitafuta pamoja, wakakuta kamba ya kuvutia imejificha chini ya miguu ya Bella. Waliivuta, mkanda ukamkaa mtoto vizuri kifuani. Baba alikitikisa kiti, gari likacheza, akatikisa kichwa kukubali.

Mama Victoire alimvuta Noella kwake.

“Jana ulitaka kusifiwa, ukasema kiko tayari,” alimwambia. “Leo umesema hujui mbele ya watu, na mdogo wako anarudi nyumbani salama. Shika hilo, mwanangu. Kazi inayobeba uhai wa mtu, ifanye mpaka mwisho. Ukishindwa, sema umeshindwa, tena mapema, wakati bado kuna mtu wa kukusaidia. Hakuna atakayekucheka. Na akicheka, mwache acheke.”

“Ndiyo, mama.”

“Na hilo jina la ufundi, utaliendea taratibu,” aliongeza Bibi Pudentienne. “Njoo, mchele uko uani unakungoja.”

Mama alipanda mbele, akajifunga mkanda bila kuambiwa. Pikapu iliondoka polepole kuelekea Uvira, na kwenye kioo cha nyuma kilionekana kichwa kidogo cha Bella, kimetulia mahali pake. Noella aliitazama mpaka ikapotea kwenye vumbi, kisha akamfuata bibi uani.