Barua Tupu za Mkurugenzi

Ijumaa, saa 3:10 asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la fotokopi, na kuta zake zilitetemeka kila mashine ilipoanza kazi. Watu watatu. Meza moja. Juu ya meza, ramani iliyochorwa nyuma ya karatasi ya mtihani wa mtu aliyepata sifuri.

"Ghorofa ya pili," Karani alisema. "Ofisi ya Ruzuku na Misamaha. Ngazi hapa. Choo hapa. Sanduku hapa."

Karani hakuwa karani tena. Alifanya kazi katika ofisi hiyo miaka kumi na mmoja, akafukuzwa siku alipokamatwa akimuuzia barua ya msamaha wa ada mzazi mwenye magari mawili. Aliondoka na kaunda suti moja na siri zote za ofisi. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: Mkurugenzi anapenda safari. Kila anaposafiri, ili kazi zisilale, anasaini barua za msamaha zikiwa tupu, hazina jina la mwanafunzi, anazigonga muhuri, anazifungia kwenye sanduku la chuma. Wasaidizi wanajaza majina baadaye. Huo ni wazimu, na kila mtu ofisini anajua hivyo, ila hakuna anayethubutu kumwambia mkubwa.

"Jana kapanda ndege," Karani alisema. "Kaacha mia moja na ishirini."

Breki akapiga mluzi. Breki alikuwa dereva. Jina walimpa kwa kejeli, maana hakuna aliyewahi kumwona akiikanyaga.

"Na zitanunuliwa?"

"Wenye pesa wanataka watoto wao wasome bure kuliko hata wasio nazo. Kufika Jumapili hazipo."

"Tunaingiaje mchana kweupe?"

Karani alitabasamu. Ndani kulikuwa na mtu wao, msafishaji wanayemwita Mama Ufagio. Wiki mbili mfululizo alilalamika kwa wakubwa kwamba ofisi ina mende. Mende alikuwa akiwaleta mwenyewe ndani ya kopo. Jumatano tangazo likabandikwa: Ijumaa saa sita na nusu wafanyakazi wote watoke, kutapulizwa dawa hadi saa tisa. Na kampuni ya dawa ambayo Mama Ufagio aliwapendekezea wakubwa ilikuwa ya Karani, ya jina tu.

"Mtumishi gani wa serikali atakataa kufukuzwa kazini Ijumaa mchana?" Breki alisema, akacheka peke yake.

Wa tatu hakucheka. Huyo ni Fundi, fundi wa kufuli aliyefiwa na mkewe, mtu wa vidole virefu na maneno machache. Aliwahi kufungwa miaka miwili kwa sababu ya vidole hivyo, akaapa hatarudia.

"Mimi pesa sitaki," alisema. "Nataka barua moja."

"Ya binti yako. Tulishaongea, kaka."

"Nataka nisikie tena."

"Ya kwanza kabisa itakuwa yake. Nitaijaza kwa mwandiko wangu mwenyewe."

Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea upimaji ardhi. Mwaka jana pia alipata, ikaota mbawa kwa kukosa ada. Mwaka mzima akawa anapanga sabuni kwenye maboksi kiwandani, mikono imechubuka, na kila jioni anarudia hesabu zake ili zisimtoke. Safari hii aliomba msamaha wa ada. Usajili chuoni unafungwa Jumatano. Wiki iliyopita Karani alimjia Fundi na picha ya orodha kwenye simu, akamwambia kwa huruma: jina la binti halimo. Fundi alikaa juu ya ndoo nje ya kibanda chake mpaka jua likamhama. Hakumwambia mtoto. Alimwambia Karani tu, kwa sauti ndogo, kwamba yuko tayari.

Saa 6:38 mchana.

Walipanda ngazi wakiwa na ovaroli za kijani, mapipa ya dawa mgongoni, vinyago usoni. Wafanyakazi walipishana nao wakiteremka haraka haraka, mikoba begani, kana kwamba mende wenyewe ndio wanawafukuza. Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye kikohozi, aliwafungulia geti la ngazi.

"Pulizeni na kule kwetu chini, wanangu. Wananitembelea hadi kwenye viatu."

"Tutafika, mzee wetu," Karani alijibu ndani ya kinyago.

Breki alibaki kwenye gari nyuma ya jengo. Injini inanguruma.

Saa 6:51.

Ofisi ya Mkurugenzi ilinuka zulia la zamani. Karani alipuliza dawa mlangoni na kwenye korido ili mtu asisogee. Fundi alipiga magoti mbele ya sanduku. Lilikuwa la kizamani, la matundu mawili ya funguo, moja la ufunguo wa Mkurugenzi, ambao humwachia naibu wake akisafiri, na moja la mhasibu. Alitoa nyaya zake mbili alizozinoa mwenyewe, akafumba macho. Kazi hii haifanywi kwa macho.

"Dakika ngapi?" Karani aliuliza.

"Nyamaza."

Jasho lilimwingia kwenye kinyago. Tundu la kwanza likakubali. La pili likawa linamringia. Alilibembeleza kama mtu anayemlisha mgonjwa, taratibu, bila kulazimisha.

Saa 7:04.

Kilio kidogo cha chuma. Mlango ukafunguka.

"Wewe ni mchawi," Karani alisema, tayari anafungua begi.

Ndani kulikuwa na daftari moja nene la barua. Upande mmoja, barua tupu, zimepachikwa tu bila kushonwa, saini ya Mkurugenzi chini ya kila moja. Upande wa pili, barua zilizokwisha kujazwa majina na kubanwa kwa kibanio kikubwa, na kijikaratasi juu yake: *Zitumwe Jumatatu.*

"Hizo zilizojazwa achana nazo," Karani alisema. Alisema haraka mno.

Fundi hakuwa na nia ya kuzisoma. Aliziinua tu azisogeze. Lakini zilifunuka, na ya tatu kutoka juu ilikuwa na namba ya ombi, na namba hiyo aliijua kuliko namba ya simu yake. Ameitaja dirishani mara ngapi? Kumi? Kumi na tano? Akashuka na macho. Jina la bintiye. Kozi ya upimaji ardhi. *Amesamehewa ada yote, na atapewa ruzuku ya kujikimu kwa miaka mitatu.*

Alisoma tena. Akavua kinyago, akasoma mara ya tatu. Furaha ilimpanda mpaka kooni, na nyuma yake, unyounyo, ikapanda hasira.

"Ulinionyesha orodha."

"Vaa kinyago, bwana."

"Ulinionyesha orodha, jina halimo."

"Nilikuonyesha ukurasa wa kwanza." Karani hakugeuka. Alikuwa anazitoa barua tupu, anaziweka begini. "Nilihitaji fundi. Ungekuja kama ungejua? Sasa umejua, mshukuru Mungu, tuondoke. Mtoto wako kapata, na wewe nitakupa mgao wa pesa. Umepoteza nini?"

Fundi angeweza kuondoka wakati huo. Nasema kweli, mguu mmoja ulishageukia mlango. Lakini jalada la daftari lilikuwa wazi mbele yake, na maandishi yake yalikuwa makubwa, mekundu, ya kuonekana hata na mtu mwenye machozi: *Karatasi moja ikipotea, daftari lote libatilishwe. Waliopewa waombe upya mwaka ujao.*

"Hizi tupu zikipotea," aliuliza polepole, "hizi zilizojazwa zinakuwaje?"

Karani aliendelea kujaza begi.

"Nimekuuliza."

"Watagundua Jumatatu. Sisi Jumapili tumeshamaliza."

"Kwa hiyo zote zinakufa. Hata hizo unazouza."

"Wanunuzi watajijua."

"Hata ile ungemjazia mwanangu kwa mwandiko wako mwenyewe."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa alivyoingizwa mjini. Angetoka hapa na barua mkononi, angempa mtoto, mtoto angelia, angemkumbatia, angekwenda nayo chuoni Jumatano. Na dirishani wangemwambia hii ni batili, imeibwa. Mbele ya wenzake.

"Zirudishe," alisema.

"Acha utoto."

"Karani, zirudishe. Nakuomba. Nitakufungulia masanduku kumi, popote unapotaka, bure, maisha yangu yote. Hili liache."

Alikuwa amepiga magoti, na si kwa ajili ya kufuli. Karani alimtazama mtu huyo aliyezeeka ghafla, akafunga zipu ya begi.

Saa 7:09.

Fundi alilivamia begi. Mkanda ukakatika. Barua zikamwagika kwenye zulia, naye akazikumbatia kwa mikono miwili, akazisukumia ndani ya sanduku, akipigwa mateke ya mbavu. Akarudi kuokota. Moja ilikuwa chini ya kiti. Moja chini ya kiatu cha Karani. Akamng'ata mguu mpaka akaunyanyua. Alizihesabu kwa mdomo huku anapigwa, kwa sababu ikibaki moja tu nje, ni sawa na kubaki zote. Mia moja na kumi na nane. Mia moja na kumi na tisa. Ya mwisho ilikuwa imejikunja mfukoni mwa begi. Akaitia ndani, na zile zilizojazwa juu yake, na daftari, akaegemea mlango kwa bega.

Sanduku la kizamani halihitaji ufunguo kujifunga. Lililia mara moja, likatulia.

Halafu akachukua nyaya zake mbili, akazivunja gotini. Miaka ishirini alikuwa nazo.

"Sasa fungua wewe," alisema.

Karani alitazama sanduku, akatazama vipande vya waya, na kila kitu alichokuwa amekipanga tangu siku aliyofukuzwa kikaishia pale kwenye zulia. Hakuwa na kisu wala bastola. Alikuwa na pipa la dawa mgongoni. Alimshika Fundi nywele, akaelekeza mpira, akampulizia dawa ya mende machoni, kwa karibu, kwa muda mrefu, hadi mkono ulipochoka.

Fundi alipiga kelele kama mtoto.

Saa 7:14.

Karani alishuka ngazi kwa mwendo wa mtu wa kazi. Geti lilikuwa bado wazi.

"Mwenzangu kazidiwa na dawa," alimwambia mlinzi. "Naita gari."

"Maskini," alisema mzee, akapanda juu kwenda kumsaidia mgonjwa.

Breki hakugusa breki mpaka nje ya mji.

Saa 11:40 jioni.

Macho yalikuwa yamefungwa bandeji. Daktari alisema moja huenda likapona. Fundi alikaa kwenye kiti cha mbao, pingu mikononi, akisikiliza sauti ya askari mpelelezi na kalamu yake.

"Sanduku limefunguliwa mbele yetu kwa funguo zote mbili. Barua zote zimo. Mhasibu kahesabu mara tatu. Ninachouliza ni kimoja: ulilifungua, au hukulifungua?"

Kalamu iligusa karatasi, ikangoja.

"Nikiandika ulilifungua," askari aliendelea, "wenyewe wanasema hawaliamini tena daftari. Watalibatilisha."

"Nilishindwa," Fundi alisema.

"Wewe? Nimesoma faili lako. Unafungua makufuli tangu ujana."

"Nimezeeka. Mikono inatetemeka. Waya zikavunjika, zote mbili. Mmeziona. Sikuliweza."

Kalamu iliandika. Maneno machache tu, na sifa yote ya vidole vyake ikaishia hapo.

"Wenzako?"

"Sikuwa na wenzangu."

"Mlinzi kamwona mmoja."

"Kibarua. Simjui jina." Alikuwa anamficha mtu aliyemharibu macho, kwa sababu mtu huyo akikamatwa atasema sanduku lilifunguka.

"Simu yako imelia mara tisa. Namba hiyohiyo. Sasa imeleta ujumbe." Askari alisoma taratibu. "*Baba uko wapi, nimekupikia.* Huyu nani?"

Kwenye fomu ya msamaha, mahali pa mzazi, alikuwa amesaini mjomba wa binti, na binti aliandikishwa kwa jina la mjomba huyo. Fundi ndiye aliyetaka hivyo, jina lake lenye kesi lisimharibie mtoto. Hakuna karatasi yoyote katika ofisi ile iliyomtaja yeye.

"Amekosea namba," alisema.

"Mara tisa?"

"Watu hukosea."

Askari alivuta kiti karibu. Sauti yake haikuwa mbaya. Pengine na yeye alikuwa na watoto.

"Mzee, kama una mtoto, nitampigia mwenyewe. Aje akuone kabla hujapelekwa gerezani. Hutamwona tena muda mrefu. Una mtoto?"

Simu ililia tena juu ya meza. Fundi aligeuza uso wake wenye bandeji kuelekea mlio ule, akakaa hivyo mpaka ukakatika.

"Sina," alisema. "Andika sina."