Maneno ya Ubaoni

Mikumi, pale mabasi yanaposimama ili abiria wapate kula, Costancia alikuwa anacheka peke yake. Gauni la kitenge cha njano, simu mkono huu, paja la kuku mkono ule, na machozi yanamtoka.

"Dada, kuku wangu anachekesha?" mchoma kuku akamuuliza.

"Si kuku, kaka. Kuna mtu anaandika stori kwenye WhatsApp. Yaani mama mkwe kaingia jikoni, kamkuta mkwewe..."

"Anakomba ukoko kwenye sufuria."

Costancia akaacha kutafuna. "Kumbe na wewe unaisoma?"

"Naiandika. Naitwa Yared."

"Muongo!"

"Haya. Kesho mama mkwe atadai na yeye ukoko. Utaona."

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na Costancia, mwalimu wa Kiswahili kule Kilosa, akajuta kuondoka bila namba ya simu. Akaiomba kwa admin wa grupu. Basi wewe, zikaanza simu!

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje sauti yako sijaisikia?"

"Toka hapa, mnafiki mkubwa!"

Yared akawa haishi kwenda Kilosa. Shati jeupe limenyooshwa vizuri, marashi juu, na bado ananukia moshi. Costancia aliupenda moshi ule.

Siku moja akawafundisha kidato cha tano namna ya kueleza lugha ya mwandishi. Akawasomea stori ya Yared, akataka kila mmoja ataje neno la kuieleza. Ubao ukajaa. Akaupiga picha, akamrushia Yared kwa furaha: "Ona, mpenzi, leo umesomwa darasani!"

Yared akasoma: sahili, nyepesi, ya mtaani, kavu. Moyo ukamuuma kwelikweli. Mwanamke anayempenda kashika chaki, kaandika kwa mkono wake kwamba lugha yake kavu! Simu akaiacha iite mpaka ikachoka. Kisha, kiburi hicho, akaazima kamusi. Mama mkwe hakuingia tena jikoni, sasa "alijongea mekoni kwa taadhima, uso umeghubikwa na simanzi." Wasomaji wakaja juu: "Admin, turudishie Yared wetu!"

Costancia naye alilia, akachoka kulia. Jumamosi akasuka nywele upya, akapanda gari la Mikumi.

"Nimekukosea nini?"

"Mimi mkavu. Nenda kwa waliolowana."

"Nani kakwambia?"

"Mwandiko wako ubaoni."

"Ha! Yared, yale ni maneno ya wanafunzi. Goodhope alicheka mpaka nikamtoa nje, ndiye aliyesema sahili. Samwel anapenda maneno mazito, akasema kavu. Stori ni ileile! Kila mmoja kataja neno kadiri ilivyomgusa. Ndicho nilichokuwa nafundisha."

Yared akageuza kuku ambaye hakuhitaji kugeuzwa. "Na wewe ulitaja lipi?"

"Sikutaja."

"Kwa nini?"

"Ningetaja, darasa zima lingejua."

"Lingejua nini?"

"Kwamba nakupenda, mjinga wewe!"

Wateja wakageuka. Yared akaweka koleo chini, akajifuta mikono, akakohoa. "Ewe mwandani wa mtima wangu, uliyenistawishia..."

"Acha hayo!"

"Costa, nataka nikuoe."

Costancia akafunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, huku analia na kucheka. "Nimekubali. Lakini kwetu mwanaume hajiposei. Tafuta mshenga."

Yared akampigia mjomba wake Filipo kule Kimamba palepale, spika wazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, nimepata mchumba. Naomba unishengee."

"Hongera, baba! Sasa nieleze nikasemeje. Huyo binti yukoje?"

Yared akamtazama Costancia, kitenge kimejaa majivu, kope zimelowa. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Halo? Yared? Yukoje?"

"Mjomba," akasema, "njoo tu umuone."