Shimo Lililozima Mshumaa

Je, umewahi kuona ndama aliyekufa, na hata inzi hawamtembelei?

Mimi nimeona. Ilikuwa karibu na Sake, penye mawe meusi ya volkano. Tulikuwa tumekimbia vita kule Bihambwe: mimi Nyirakamana, mtoto wangu Rukara, mke wake Vestine, na mjukuu wangu Gentille wa miaka sita. Tulibaki na ng'ombe wawili na ndama watatu.

Kwetu mlimani upepo wa usiku unakata. Kwa hiyo ndama tunawalaza katika shimo lenye majani, upepo upite juu yao. Nyuma ya bashi letu, kibanda cha turubai, kulikuwa na shimo zuri, refu kama mtu, majani mabichi mpaka chini. Mimi njo nilisema, "Rukara, ndama walale mule."

Jirani yetu Béata, mkulima wa maharagi, alisimama na jembe lake. "Mama, mule hapana. Mule si pazuri."

Nilifikiri anataka majani yake.

Asubuhi wawili walikuwa wamepanda ukingoni; mdogo wao tulimkuta chini amelala, miguu imekunjwa vizuri, kama anasinzia. Hakuna damu. Hakuna povu mdomoni. Kando yake ndege mdogo, mabawa wazi. Na inzi walikuwa chini kwenye majani, kama mbegu zilizomwagika. Jua lilipopanda, Rukara alishuka kumtoa. Alirudi, akakaa chini.

"Kichwa kinazunguka," alisema.

Tulidhani ni ugonjwa, tukawalaza wengine mule mule. Siku ya tatu akafa wa pili. Vilevile. Kimya vile vile.

"Ule mwanamuke alijua mbele," Rukara alisema. "Iko anatuloga. Huyu wa mwisho akikufa, tunahama tena. Tutaenda Kitshanga, hata Kalembe."

Vestine alifungua mdomo, akanitazama, akarudi kuchochea moto. Kwetu mke habishani na mume mbele ya mama mkwe.

Tulimfunga ndama wa mwisho kwenye nguzo ya bashi. Kabla ya jua niliamka: kamba imekatika, na Gentille hayupo. Nilitoka. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Hakuna ndege aliyelia. Gentille alikuwa kwenye mdomo wa shimo, mguu mmoja tayari chini.

"Koko," aliniita mimi bibi yake, "ona, ndama anapiga magoti kama anaomba."

"Mutoto, simama!" Béata alipiga kelele kutoka shambani. Alikuja mbio, akamvuta mkono. Rukara naye akataka kuruka ndani.

"Usishuke, Papa! Utalala mule na wewe!" Béata alimzuia.

Kipande cha kamba kilikuwa kinaning'inia shingoni mwa ndama. Béata alikinasa kwa mti mrefu wa kupandishia maharagi, tukavuta sote tukiwa juu. Ndama alitoka ulimi nje. Akalala. Halafu akakohoa.

"Unatuloga, halafu unatuokoa?" Rukara aliuliza.

"Kama ningekuwa mulozi, Papa, ningeloga zile ng'ombe zako zenye kula maharagi yangu."

Vestine akacheka, akajiziba mdomo.

Béata aliomba mshumaa. Aliuwasha, akauweka katika kopo, akalifunga kwenye ncha ya ule mti. Akaushusha polepole. Moto ulikuwa umesimama wima. Ulipofika katikati ya shimo ulipungua, ukawa kama punje, ukazimika. Hakuna aliyeupuliza. Moshi wake haukupanda. Ulitandaa, ukalala juu ya kitu tusichokiona, kama juu ya maji.

Nilijifunga kitenge vizuri. Nilisikia baridi.

"Tunaita mazuku," alisema Béata. "Iko hewa. Inatoka chini, kwa volkano. Iko na uzito kupita hewa tunayovuta. Nyinyi ni watu wa maziwa. Ukiacha maziwa mu chungu, nini inapanda juu?"

"Mafuta," nilisema.

"Njo hivyo. Nyepesi inapanda, nzito inabaki chini. Hii inajaa mu shimo. Haina rangi, haina arufu. Ukivuta, unalala, hauamuke. Mufupi njo anakufa mbele: ndama, mutoto."

"Lakini mimi nilishuka!" alisema Rukara.

"Jua na upepo vilikuwa vimeipunguza. Na wewe uko murefu kama muti. Ni bahati, usiirudilie. Muntu akianguka mule, muvute na kamba kutoka juu. Usimufuate."

Nilimshika mkono. "Béata, nilikudhania mubaya. Unisamehe."

"Nilisema maneno mafupi, Mama. Ningesema na maana yake."

Siku ile tulijenga zizi la ndama juu ya kilima, penye upepo, tukalizungushia mabua ili ndama wetu asione baridi. Shimo tulilizungushia miiba na kitambaa chekundu. Vestine alipita kwenye mabashi yote ya wakimbizi, akawaleta watu kuona lile shimo na mshumaa. Mwezi ule hakuna mnyama mwingine aliyekufa.

Lakini Rukara aliogopa ile ardhi. Asubuhi moja alianza kufungua kamba za bashi.

Vestine aliweka mkono wake juu ya kamba. Mimi nilikuwa pale pale, nikichagua maharagi.

"Papa Gentille, mara ine tumekunja hii bashi," alisema. "Toka siku ya kwanza nilitaka kukuambia. Mimi nataka tubakie hapa."