Zulia la Bi Mwanawema

Asubuhi ile Zuweina aliikuta kona ya zulia la sebuleni imekunjwa. Haikuwa imepindwa na mguu wa mpita gizani. Ilikunjwa vizuri, kwa ncha ya pembe tatu, namna akina mama wanavyokunja msala wakishasali ili shetani asije akausalia. Akainama, akaikunjua, akailaza kwa kiganja. Sufu ilikuwa baridi.

Pale Tibirinzi hapakuwa na mtu aliyejua mazulia kama yeye. Aliyejenga humwita kwanza atazame chumba, kabla hajanunua cha kutandika. Naye huwaambia kwamba chumba kidogo hakitaki maua makubwa, kwamba zulia jekundu lisikae dirishani jua likalila, kwamba chai ikimwagika hubonyezwa kwa kitambaa, haisuguliwi. Amur, mumewe, alimtania kwamba siku ya kufa ataulizia kaburini kumetandikwa nini.

Lakini zulia hili hakulinunua. Lilikuwa la shangazi yake, Bi Mwanawema wa Kiuyu, ambaye kabla ya kufa aliusia liwe wakfu kwenye msikiti mdogo wa kijijini kwake, na kwamba Zuweina alioshe kwanza, kwa kuwa ndiye ajuaye. Zuweina akaliosha kwa maji baridi, akalianika kivulini. Lilipokauka ndipo nakshi zilipofunuka: mizabibu ya buluu juu ya wekundu wa komamanga, na katikati mihirabu midogo, kila mmoja nafasi ya mtu mmoja kusali, imepangwa safu kwa safu, kila fundo limefungwa kwa mkono wa mtu. Akaifikiria miguu ya kijiji kizima, mchanga, mafuta ya nywele. Akajiambia kule litakufa, kwake litaishi. Akanunua zulia la kiwandani lenye rangi zinazokaribiana na za lile, akalipeleka Kiuyu kama ndilo, na hakuna aliyelitazama mara mbili.

Hakujiona mwizi. Alikipenda kitu, akakitafutia sababu. Wengi wetu tumefanya hivyo kwa vidogo zaidi. Ila mgeni akilisifu zulia, uso wake ulipanda moto, akaharakisha kuleta kahawa.

Kona ikawa inakunjwa kila alfajiri. Akaanza kuyachana manyoya ya zulia yote yaelekee mlangoni kabla hajalala. Kulipokucha aliyakuta yamelala mahali saba, yana unyevu: palipogusa paji la uso, viganja viwili, magoti mawili, vidole vya mguu huu na vya mguu ule. Mtu aliyesali maisha yake yote hahitaji kuelezwa alama zile ni za nini. Baada ya siku chache zikawa safu nzima, na sebule ikanuka udi na maji ya udhu. Amur alipouliza, alimwambia ni unyevu wa masika.

Ikafika siku ya posa ya binti yao, Asya. Mama wa kijana, Bi Shamima, alikuja na dada yake na wanaume wa kwao, mazungumzo yakaenda vizuri hadi Magharibi ikaadhiniwa. Wanaume wakaenda msikitini. Bi Shamima akasema wasali papo hapo, zulia lenyewe linaita, na kwa ukubwa wake wa umri akawasalisha yeye. Wanawake wanne walisimama juu ya zulia linalotosha watu ishirini, na bado Zuweina alihisi bega la mtu likimbana upande wa kushoto ambako hapakuwa na mtu, bega baridi, lenye kitambaa kilicholowa, na Bi Shamima alipofika mwisho wa Alhamdu wote wakaitika amin, na nyuma yao, chini chini, kwa sauti nzito za umati uliojipanga hadi ukutani na labda kupita ukuta, amin ile ikaitikiwa tena.

Walipotoa salamu hakuna aliyegeuka.

"Bi Zuweina," Bi Shamima akanong'ona, "nyuma yetu kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Mihirabu ya safu hivi huwa ya msikitini. Zulia hili la wakfu?"

Zuweina alijua kwamba mtu anayejulikana kula wakfu haozi binti kwa watu wa heshima.

"Letu," akasema. "La shangazi yangu."

Nyuma yake watu wengi wakavuta pumzi kwa pamoja, kama watu waliosikia jambo la aibu. Bi Shamima akachukua baibui lake, akasema watatuma salamu, akatoka kwa kulizunguka zulia pembeni.

Kesho yake akaitwa Shehe Khatib kutoka Jadida. Alikataa kulikanyaga. Alisoma akiwa kizingitini, kisha akauliza lilikotoka, na Zuweina akamweleza yote huku akitazama mikono yake.

"Mama, mie humtoa jini aliyeingia nyumba ya watu," shehe akasema. "Hawa hawakuingia kwako. Weye ndiye uliyeuchukua msikiti wao ukauweka chini ya makochi."

"Nikilirudisha yatakwisha?"

"Rudisha. Na useme."

"Nimwambie nani?"

"Uliowadanganya."

Akalipeleka Kiuyu siku ile ile. Imamu, Mzee Kificho, alilipapasa akashangaa, akauliza limetoka wapi tena jema namna hii. Zuweina akafungua mdomo. Walikuwapo wazee wamesimama, na wanawake waliomjua tangu mdogo.

"Nimeona niwaongezee jengine," akasema.

Wakainua mikono wakamuombea dua ndefu, yeye na kizazi chake, kwa mkono wake usio na choyo. Akaitikia amin pamoja nao, macho chini, na wote wakadhani ni haya ya mtu mwema.

Nyumba ikatulia. Harufu ikaondoka. Bi Shamima akatuma salamu kwamba watakuja kupanga siku ya ndoa. Kila alichoogopa kukipoteza, alikuwa nacho.

Jioni ile akatia udhu, akaingia chumbani, akautandika msala wake. Alipoinua mguu kuukanyaga, kona ikainuka taratibu, ikajikunja kwa ncha ya pembe tatu, ikalala. Akaikunjua. Ikajikunja tena, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango kwa kuchelea asiyetakiwa. Akaishika kwa mikono miwili, akaisikia ikivutwa na mkono wenye nguvu na uliolowa.

Kutoka sebuleni Asya akamuuliza kama ameshasali.

"Tayari, mwanangu," Zuweina akajibu.