Kicheko Ndani ya Kamera

Kompyuta ililia "ting!", mlio wake wa kuipokea kamera, na ncha ya waya ilikuwa bado mkononi mwa Sindano.

Hakushtuka. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza akitafuta tundu la kuchomeka, amekipa chumba kisogo. Katika studio ya shangazi yake kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote: sauti yoyote ikisikika, iwe kengele, kikohozi au kiatu kizingitini, iitikiwe papo hapo hata kama mikono imejaa, maana mteja asiyeitikiwa huvuka barabara akaenda kwa mwingine. Sindano akaitikia kama alivyozoea, bila kugeuza shingo.

"Karibu, ingia! Kaa kwenye kiti, nakuja."

Nyuma ya pazia jeusi, kiti cha wateja kikalia kwiii, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mwenye mwili wake.

Sindano akainuka, akapangusa magoti, akalifunua pazia. Kiti kilikuwa kitupu.

"Shangazi, umeingia ukatoka?"

"Niingie wapi, nami niko huku nyuma nakata picha?" Shangazi akajibu kutoka chumba cha pili. "Hiyo kamera imekubali?"

"Imegoma."

Ilikuwa imegoma tangu asubuhi. Kamera ile ilimponyoka Shangazi mkononi siku alipoletewa habari ya msiba, ikaanguka sakafuni. Kioo chake cha nyuma kikafa, na kijimlango cha kadi kikapinda hata kadi ikanasa ndani. Kuing'oa kwa koleo ni kuivunja pamoja na vilivyomo. Njia ya kuzitoa picha ilibaki moja tu, waya.

Na kati ya picha zile kulikuwa na moja ya mama yake Sindano.

Mama alikuwa na jino la mbele lililomeguka. Kila alipoona kamera alifumba midomo kama mtu aliyeficha peremende, na akicheka alijiziba kwa kiganja. Lakini siku moja aliwaletea chakula studio, Shangazi akamtania jambo, kiganja kikachelewa, na Shangazi akabonyeza. "Nimekupata leo, wifi!" alimwambia. Haukupita muda mrefu, Mama akaugua, asiinuke tena; huo ndio msiba ulioiangusha kamera. Nyumbani picha zake zilikuwepo, zote midomo imefumbwa. Siku hizi Sindano aliamka asubuhi akajaribu kukumbuka jinsi mama yake alivyocheka, akakuta pametanda ukungu. Hakumwambia mtu. Aliona haya kumsahau mama yake mapema hivyo.

Kwa hiyo siku ile hakukubali kushindwa. Akachomeka waya kwenye tundu la mbele, kimya. Akahamia la nyuma, kimya. Akaisafisha midomo ya waya kwa pamba, akaijaza betri chaji, akaizima kompyuta na kuiwasha. Kila mara alipogusa kitu alisikia kwiii ndogo nyuma ya pazia, na harufu ikaanza kumfikia, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Shangazi, kuna kitu kinaungua?"

"Labda ni akili yako. Pumzika."

Ndipo picha zikaanza kuingia.

Ziliingia zenyewe, moja baada ya nyingine, picha za wateja wa pasipoti. Sindano akapiga kofi la furaha, kisha kofi la pili likamfia mikononi. Mteja wa pasipoti haruhusiwi kucheka. Shangazi mwenyewe huwakumbusha, fumba mdomo, tazama mbele. Lakini mzee wa kwanza alikuwa anacheka. Mwalimu aliyemfuata, anacheka. Mtoto mchanga aliyeshikwa kwapani, ambaye hajaota hata jino moja, alikuwa anacheka kwa meno ya mtu mzima, na jino la mbele limemeguka.

Wote walikuwa na mdomo mmoja. Mdomo wa mama yake.

"Shangazi," aliita, na sauti ikatoka ndogo. "Njoo. Njoo usiseme kitu."

Shangazi akaja na mkasi mkononi. Alitazama, mkasi ukaangukia mezani. Kisha, kama watu wazima wanavyofanya wakiogopa, akatafuta mtu wa kumlaumu.

"Utakuwa umebonyeza kitu wewe."

"Nibonyeze kitu gani cha kumwotesha mtoto mchanga meno?"

Wakamwita Fundi Redio, jirani wa mlango wa tatu, aliyebaki na jina hilo ingawa redio ya mwisho kutengeneza hata yeye haikumbuki. Alikuja na mkoba wake, akaketi, akauliza swali la mafundi wote.

"Umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima na kuiwasha mpaka imeniomba msamaha," Sindano akasema.

Fundi akacheka. Akauchomoa waya kwenye kamera, akauchomeka kwenye simu yake, akautazama, akauzungusha vidoleni. "Mnajitesa bure. Huu ni waya wa kuchajia tu. Unapeleka moto, basi. Haupitishi hata picha ya sisimizi. Ndiyo maana haijaunganika, na ingekaa hapo hata mwaka isingeunganika."

Sindano akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Na hizi?"

Fundi akazitazama picha, akautazama waya, akazitazama tena. Uso ukamnywea. Nyuma ya pazia kiti kikalia, taratibu, kama mtu anayeegemea mbele ili asikie vizuri.

"Nani yuko kule?" akanong'ona.

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu, au hamumuoni?" Alikuwa ameshaanza kufunga mkoba. "Dada, sikiliza. Hizo picha hazikupita kwenye waya. Mimi nafungua mashine, nikikuta kumeungua nabadilisha. Hii si mashine." Akatupa juu ya meza waya mweusi mnene. "Huo ni mzima, unapitisha kila kitu. Mkitaka utumieni, msipotaka utupeni. Sitaufuata leo." Na hakuaga.

Shangazi akamshika Sindano mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Leo, kabla sijakuuliza kama kamera imekubali, ulimkaribisha nani?"

"Nilisikia mlio, nikaitika."

"Ulitazama?"

"Sheria yako haisemi nitazame."

Shangazi akafumba macho. "Bibi yetu alisema wapo wanaopita tu barabarani, hawana uso wala pa kukaa. Mlango wazi hawaingii. Ufa hawapenyi. Wanangoja neno. Tumempa neno, mwanangu, na kiti juu yake. Twende. Tuifungie kompyuta na kamera humu humu tuchome moto, maisha yaendelee."

"Na Mama?"

"Mama yako yuko alipo."

"Picha yake iko hapa. Siiachi."

Spika za kompyuta zikakwaruza. Nje ulikuwa mchana mweupe, watu walipita wakizungumza habari zao na mwanamke mmoja alikuwa akigombana na mchuuzi, lakini ndani ya studio, ambamo mapazia meusi hayakuwahi kuruhusu jua, taa zilififia zikawa kama macho ya mgonjwa, harufu ya majivu ikapanda mpaka ikawakaa kooni, na katikati ya mkwaruzo ule ikatoka sauti, mwanzo mbali kama ya mtu aliye chini ya kisima, kisha karibu, kisha karibu zaidi, mpaka Sindano akahisi pumzi yake kwenye nywele za shingo ingawa spika zilikuwa mbele yake.

"Kisindano changu."

Jina lile alipewa na mama yake, kwa wembamba wake na kwa mdomo wake unaochoma. Shangazi akaanza kulia bila sauti.

"Kisindano changu, mdomo nimepata. Huu waya mbovu umeninyima macho. Chomeka ule mzima. Nipe macho, nipe uso, nami nitakaa hapa kitini kila siku, utakuja asubuhi utanikuta, hutaniita ukungu tena, hutanisahau. Chomeka tu, mwanangu."

Na Sindano, ambaye hakumwambia mtu habari za ukungu ule, aliuona mkono wake mwenyewe ukisogea juu ya meza, ukipita kipanya, ukipita mkasi, ukiukamata waya mweusi, na waya ulikuwa na joto kama mkono wa mtu aliyetoka kulala, na moyo wake wote ulisema chomeka, kwa nini usichomeke, ni nani aliyewahi kupewa nafasi hii akaikataa, na ncha ilikuwa imebakiza upana wa kucha kuligusa tundu la kamera aliposimamisha mkono, kwa ukaidi tu, ukaidi ule ule uliowahi kumfukuzisha darasani.

"Kwanza cheka," akasema.

Spika zikakwaruza.

"Si mdomo unao? Cheka nikusikie."

Kikatoka kicheko. Kilikuwa kizuri, kikubwa, cha mama wa watu, kikajaa chumba na kuitikisa mikasi na fremu ukutani. Shangazi akaziba masikio.

Sindano akasimama wima. Ukungu ulikuwa umetoka, wote, kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Mama yangu hakuwa na sauti ya kicheko," akasema. "Alicheka kwa mabega. Alitikisika hivi, kimya, machozi yakamtoka, kisha akashika ubavu akasema basi, basi, mtaniua. Jirani asingesikia hata akiwa chumba kimoja naye. Wewe umeiba mdomo kwenye picha, na picha haina mabega yanayotikisika. Asante lakini. Umenikumbusha."

"Kisindano..."

"Jina langu usilitie mdomoni, na mdomo wenyewe si wako!"

Mlango ukajibamiza. Taa moja ikapasuka. Sindano hakujali. Aliuweka waya mezani, akalifunua pazia kwa mkono wake, akasimama mbele ya kiti. Hapakuwa na mtu, ila mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati.

"Sindano, usimsogelee," Shangazi akanong'ona.

"Ni mteja, Shangazi. Nimemkaribisha mimi, nitamtoa mimi." Akaweka mikono kiunoni, akasema kwa sauti ile ile anayowaambia wateja wanaong'ang'ania kupigwa mara ya kumi. "Wewe. Nilikwambia karibu, neno hilo nalirudisha. Nilikwambia kaa, nalo nalirudisha. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hata siku moja hukumaliza umeanza kuvaa midomo ya wenye nyumba, na jembe la kukupa sina. Rudisha mdomo wa watu ulipoutoa. Tumemaliza na wewe. Inuka. Kiti kina mwenyewe."

Sindano hakuondoa macho kwenye mto.

Kisha mto wa kiti ukafura, taratibu, ukarudi ulivyokuwa. Kiti kikalia kwiii. Kitu baridi kilipita begani kwa Sindano, karibu mno, na hakuona haja ya kukipisha. Mlango ukafunguka wenyewe, makelele ya barabara yakaingia, na kompyuta ikalia ule mlio wake mwingine, ule wa kushuka, wa kifaa kilichochomolewa.

Kwenye kioo, mzee alikuwa amefumba mdomo. Mwalimu amefumba. Mtoto mchanga alikuwa analia kwa ufizi mtupu.

"Nipe waya mzima," Sindano akasema.

"Leo? Hapa hapa? Huna hofu wewe?"

"Ninayo tele. Nipe waya."

Alichomeka kwa macho mawili wazi, akitazama. Mlio. Picha zikaja, sasa pole pole, kama mashine inavyopaswa, na ya mwisho ilikuwa ya mwanamke ameshika bakuli la chakula, jino limemeguka, kiganja kimefika nusu ya njia kwenda mdomoni, kimechelewa. Mabega yalikuwa yamepanda. Shangazi alipoyaona akaketi sakafuni, akalia sana, kisha akacheka.

Picha hiyo sasa imetundikwa studio, mbele ya mlango. Sheria nayo imebadilika. Mtu akiingia, Sindano hugeuka kwanza, akamtazama usoni, ndipo akamwambia karibu.

Majuzi, adhuhuri, mlango ukiwa wazi na kompyuta ikiwa haijachomekwa hata kwenye umeme, ililia "ting!" nyuma yake. Harufu ya majivu mabichi ikapita. Sindano akageuka, akakitazama kiti kitupu, akaitazama picha ya mama yake, akaendelea kukata picha.

"Tumefunga," akasema.