Anayegonga Ndani ya Wimbo

Haya yalimpata Bi Vernell Yarbrough, yule mjane wa nyumba ya kona pale mtaa wa Orange Mound, mjini Memphis, Marekani. Aliyeyashuhudia ni wifi yake, Ernestine, na katika miaka yote ya kuyasimulia hajawahi kuongeza neno wala kupunguza.

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Vernell alikuwa amekaanga kambale, mkate wa mahindi ulikuwa umetoka jikoni ukifuka mvuke, na jagi la chai ya barafu lilikuwa linatoa jasho juu ya meza. Ernestine aliingia kama alivyozoea, bila hodi, kofia ya kanisani kichwani ingawa haikuwa Jumapili.

"Wifi, samaki ndio hawa tu? Au wengine umewaficha chini ya kitanda?"

"Umekuja kula au umekuja kukagua?"

"Vyote. Kaka yangu alikuoa kwa sababu ya samaki. Sura alivumilia tu."

Walicheka. Wote wawili walikuwa wamevuka miaka themanini, na utani huo ulikuwa na umri mkubwa kuliko nyumba nyingi za mtaa ule.

Kaka mwenyewe alikuwa Cleophus Yarbrough. Vijana wa leo hawamjui, lakini katika mji ule ndiye aliyetangulia kukichukua kile kilio cha kanisani, kile cha kumtoa mtu machozi mbele ya madhabahu, akakitia katika nyimbo za mapenzi. Wachungaji walimlaani. Wasichana walizimia. Waliomfuata walipata sifa na majumba, yeye akaacha nyimbo chache alizorekodi katika chumba cha nyuma cha duka la kinyozi. Sasa kampuni moja ilikuwa imezikusanya zote, zikawekwa katika kasha la santuri nne lenye picha yake juu. Siku hiyo Tavares Boyd, kijana aliyezunguka miaka mingi kwenye dari na maghala ya watu akizitafuta kanda za nyimbo zile, alilileta kasha kwa mikono yake.

"Bibi, hili ndilo la kwanza kutoka kiwandani. La kwako."

Vernell alifuta mikono kwenye aproni, akakipapasa kifuniko. Pichani Cleophus alikuwa anamtazama, kijana, pengo la meno ya mbele wazi.

"Alikuwa mzuri," akasema polepole.

"Mzuri nini! Meno kama uzio uliogongwa na lori," Ernestine alisema, lakini sauti ilimkatikia katikati.

Tavares alikuwa amekuja na gramafoni yake, maana nyumba ile haikuwa na chombo chochote cha muziki. Hata redio haikuwemo. Akaitoa santuri ya kwanza na kusoma jina la wimbo unaoifungua: "Jumapili Haiko Mbali."

Ernestine aliinua kichwa. Akamtazama wifi yake. Vernell alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Si lazima, wifi," Ernestine alimwambia.

"Mwache aweke. Nimezeeka. Wimbo utanifanya nini tena?"

Wimbo huo mtaa mzima uliujua, na mtaa mzima ulikuwa umeacha kuuimba. Siku redio ilipoupiga kwa mara ya kwanza, wakati wa kiangazi, Orange Mound ilikuwa kama harusi. Watu walizitoa redio zao madirishani na kuzifungulia hadi mwisho. Mtangazaji aliupenda, akaurudia, akaurudia tena. Vernell alicheza uani katikati ya nguo zilizoanikwa, vibanio mdomoni. Ernestine alicheza naye. Watoto walikuwa wanacheza kibemasa, mchezo wa kujificha na kutafutana, na miongoni mwao alikuwemo Letha, binti pekee wa Cleophus na Vernell, mwenye miaka sita.

Nyuma ya nyumba ya jirani kulikuwa na friji bovu, la aina ile ya zamani inayojifunga kwa komeo la nje. Ukiwa ndani, huwezi kulifungua.

Redio zilipozimwa, kina mama walianza kuwaita watoto kula. Letha hakuja. Baba yake ndiye aliyemkuta.

Hakuna aliyekuwa amesikia kitu. Mtaa mzima ulikuwa unacheza.

Cleophus alilikatakata friji lile kwa shoka mpaka shoka likavunjika mpini. Baada ya maziko alijaribu kurudi kazini. Alipanda jukwaani Chicago, na katikati ya wimbo uleule akanyamaza. Akawaashiria wapigaji nao wanyamaze. Kisha akawauliza watu, kwa upole, "Nani anagonga?"

Alirudi nyumbani kwa basi na hakuimba tena. Redio akaipiga marufuku. Vernell akijisahau na kuvumisha wimbo akiosha vyombo, Cleophus alitoka nje hata kama mvua inanyesha. Vernell hakumuuliza kwa nini. Aliamini anajua: mume wake hakumsamehe kwa kucheza siku ile. Waliishi hivyo, kila mmoja na chumba chake, mpaka moyo wa Cleophus uliposimama. Alizikwa Vernell akiwa bado hajamuuliza.

Tavares akateremsha sindano.

Sauti ya Cleophus ilikijaza chumba. Ilikuwa changa na yenye nguvu, yenye ule mkwaruzo wa mtu aliyelia jana na kuamka amepona. Ernestine alifumba macho. Kwa kitambo kidogo kaka yake alikuwa hai, amesimama pale karibu na dirisha.

Kisha akasikia, chini ya ngoma.

Ngo. Ngo. Ngo.

Haikufuata mdundo. Ilikuwa inakwenda peke yake, hafifu, kama kiganja kidogo kinachopiga bati nene.

Tavares alikunja uso. Akainama. "Hii haikuwepo," alisema. "Huu wimbo nimeusafisha mwenyewe, naujua mpaka pumzi zake. Hii haikuwepo."

Aliinua sindano. Chumba kikawa kimya. Akaifuta santuri kwa kitambaa, akaanza upya.

Safari hii kugonga kulianza kabla ya ngoma. Kulikuwa kwa haraka zaidi. Ubeti wa pili ulipokwisha, pale ambapo Cleophus huvuta pumzi, nafasi ile haikuwa tupu.

"Mama."

Ernestine aliirukia gramafoni na kuing'oa sindano kwa nguvu.

Barafu ilipasuka ndani ya jagi na Tavares akashtuka.

"Ulirekodiwa lini?" Ernestine alinong'ona.

"Majira ya baridi. Kabla ya..." Tavares hakumaliza. Alikijua kisa kile, kila aliyemjua Cleophus alikijua. Walipourekodi, Letha alikuwa hai, amelala nyumbani chini ya blanketi lake.

Ernestine alitarajia wifi yake apige kelele. Vernell hakupiga. Alikuwa ameufunika mdomo kwa mikono miwili na machozi yalikuwa yanapita katikati ya vidole.

"Alikuwa anamsikia," akasema. "Cleophus. Kila akiimba alikuwa anamsikia. Ernestine, hakunichukia. Miaka yote ile nimelala chumba cha pili nikidhani..." Akashindwa. Ernestine akamkumbatia.

"Kwa nini hakuniambia? Mimi ndiye mama wa Letha. Kwa nini hakuniambia?"

Ernestine alimjua kaka yake. Jibu alikuwa nalo, na alitamani asiwe nalo.

"Kwa sababu ungemwambia aendelee kuimba," alimnong'oneza.

Vernell hakukataa.

Ernestine alimwamuru Tavares kulifunga kasha na kuliondoa katika nyumba ile. Vernell mwenyewe alisaidia kuzirudisha santuri kwenye majalada yao, mikono imetulia. Alisema amechoka, anataka kujinyoosha kidogo. Akawabusu wote wawili shavuni. Ernestine alipofika kibarazani alihisi kuna jambo halijakaa sawa, lakini hakulijua. Tavares alisema atampeleka nyumbani kwa gari, gramafoni ataifuata kesho.

Walikuwa hawajafika mbali Ernestine alipolifungua kasha mapajani pake. Jalada la kwanza lilikuwa jepesi, halina santuri ndani.

"Geuza gari."

"Bibi?"

"Geuza gari, mwanangu! Geuza!"

Waliusikia wimbo tangu barabarani. Ulikuwa umefunguliwa hadi mwisho, kama siku ile. Majirani walikuwa wametoka vibarazani, wanatazamana, na wazee miongoni mwao walikuwa wamevua kofia.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo. Tavares alianza kuusukuma kwa bega. Ernestine alizunguka nyuma kadiri magoti yake yalivyomruhusu, akafika kwenye dirisha la jikoni, akatia uso kwenye kioo.

Vernell alikuwa amesimama mbele ya friji lake. Friji jipya, jeupe, aliloletewa na watu wa kanisa.

Lilikuwa linatikisika.

Ngo ngo ngo ngo ngo.

Sauti haikuwa inatoka tena kwenye santuri. Sumaku zilizoshika picha za wajukuu wa jirani zilikuwa zinaruka mlangoni, moja baada ya nyingine, zinaanguka sakafuni.

"Usifungue!" Ernestine alipiga kelele. "Vernell! Huyo si wetu! Usifungue!"

Aliugonga mlango wa nyuma. Akagonga kioo kwa viganja vyote viwili. Cleophus alikuwa anaimba kwa sauti kubwa mno. Sauti ya Ernestine haikufika ndani.

Aliuona mdomo wa Vernell ukisema kitu. Maneno machache. Ernestine anasema aliyasoma midomoni pake, na hapo ndipo huwa analia kila akisimulia: "Nakuja, mwanangu. Mama amesikia."

Vernell akavuta mlango.

Taa ndogo ikawaka. Maziwa. Siagi. Bakuli la mboga za jana. Hakuna kingine.

Kugonga kulikoma.

Vernell alipiga magoti, polepole, akashika ukingo wa friji kama mzee yeyote. Akanyoosha mikono mbele. Akangoja. Kisha mikono yake ikafunga juu ya kitu ambacho Ernestine hakukiona.

Gauni la Vernell likajikunja mgongoni. Upande wa kulia. Halafu upande wa kushoto. Kama linavyojikunja likikamatwa na vidole vidogo.

Vernell alijiketisha sakafuni, akakiweka kile kitu mapajani, akaanza kukibembeleza mbele na nyuma. Kilikuwa na uzito. Miguu yake ilionekana inavyolemewa. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeanza kuganda kwa ndani, jua likiwa bado linawaka uani.

Kabla barafu haijafunika kila kitu, Vernell aliinua macho. Akamwona wifi yake. Akaweka kidole midomoni, kama mama anavyofanya mtoto akiwa karibu kusinzia.

Wimbo ukaisha.

Tavares aliuvunja mlango. Walimkuta Vernell ameegemea kabati, macho ameyafumba, mikono bado imekunja duara. Alikuwa amekufa. Daktari aliyeitwa alimgusa shingo, akarudisha mkono haraka. Alisema mtu huyu amekufa tangu jana, tena amewekwa kwenye barafu. Ernestine alimwambia amekula naye samaki mchana huo. Daktari alimtazama kwa huruma.

Santuri Tavares aliichukua. Aliisikiliza peke yake, mara nyingi. Alimwambia Ernestine kwamba wimbo ni safi sasa, hakuna kinachogonga. Alipoulizwa kama kuna kitu kingine kinachosikika, alisema hapana, lakini kampuni ilipotoa makasha mengine alikataa jina lake kuandikwa.

Siku moja kabla ya maziko, Bi Odom, mwanamke anayewaandaa marehemu wa mtaa ule, alimpigia simu Ernestine aende. Alikuwa ameondoa shuka alilofunikwa Vernell.

"Nataka kujua tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alimsuka?"

Nywele nyeupe za Vernell, ambazo Jumamosi ile Ernestine alikuwa ameziona zimefungwa kifundo kimoja kisogoni, zilikuwa zimesukwa misuko mingi midogo. Haikuwa imenyooka. Mmoja mnene, mwingine mwembamba, mwingine umekwenda upande, kama kazi ya mtoto anayejifunza kusuka. Kila msuko ulikuwa umefungwa mwishoni kwa unywele mweusi, laini.

Mmoja tu, juu ya sikio la kushoto, ulikuwa umeachwa nusu.

Bi Odom aliuliza kama afumue asuke upya. Ernestine alisema aziache hivyohivyo. Alikaa na wifi yake mpaka alipoambiwa muda umekwisha, akashuhudia jeneza likifungwa na chumba kikifungwa.

Asubuhi ya maziko jeneza lilifunguliwa kanisani. Ernestine alikuwa wa kwanza kumsogelea. Aliinama kumbusu wifi yake kwenye paji la uso, na akiwa bado ameinama akamwita Bi Odom, bila kugeuka.

"Uliumalizia?"

"Nini?"

"Huu wa sikioni."

Bi Odom alisogea, akatazama. Akarudi nyuma hatua moja.

"Sijamgusa," alisema.

Msuko ulikuwa umefika mwisho. Ulikuwa umefungwa vizuri kuliko yote, na unywele mweusi ulioufunga ulikuwa bado na maji ya barafu.