Jina Lililokuwa na Mwenyewe

Nyumba ya Peres haikuwa na maziwa. Mumewe Odero akiyaonja tu tumbo linachafuka, kwa hiyo miaka minane ya ndoa walikunywa chai ya rangi. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwaka 2006, ghorofa ya tatu pale Kileleshwa, Peres aliposikia harufu ya maziwa akiwa anapiga pasi, ile harufu ya kifuani mwa mama anayenyonyesha, alishtuka mpaka akaunguza kola ya shati. Harufu ilitoka kwenye kabati la chini ya sinki.

Nikwambie kitu: mwanamke huyu alikuwa na furaha. Hakuwa na mtoto na alikuwa na furaha, na hilo ndilo watu hawakumsamehe. Odero alikuwa fundi wa lifti mjini. Akirudi jioni anavua viatu, wanacheza rumba jikoni, yeye na soksi zake zilizotoboka. Kanisani wanamuuliza Peres, "Mnacheka nini na nyumba haina mtoto?" Anawajibu, "Tunachekana wenyewe." Debra wa mlango wa pili, mwenye watoto watatu na uso wa mtu ambaye hajalala tangu uchaguzi uliopita, alimwombea kwa sauti mpaka ukuta ukatetemeka. Na Mama Ajwang, mama yake Odero, aliyekuja kutoka Siaya kutibiwa macho, yeye alikuwa ameomba miaka minane bila kuchagua anamwomba nani.

Saa nane mchana, jua likiwaka, kabati likalia kilio cha mtoto mchanga.

"Mama, usifungue," Peres alinong'ona. "Humu hakuna mtoto."

"Kwani mimi ni kiziwi? Mabovu ni macho."

"Haki, Mama, nakuomba. Tutoke nje."

"Mtoto halii bure," Mama Ajwang akanong'ona naye, machozi ya furaha yakimtiririka. "Huyu anataka jina."

Kwao, mtoto asiyenyamaza huitiwa majina ya waliokufa, moja moja. Lile atakalolinyamazia ndilo lake. Mama Ajwang akapiga magoti mbele ya sinki.

"Ni wewe, Oyugi?"

Kilio kikapanda.

"Ni wewe, Adhiambo?"

Mlango wa kabati ukaanza kugongwa kwa ndani.

"Basi ni wewe, Odero?"

Kimya.

Alikuwa anamwita baba mkwe wake, marehemu wa siku nyingi. Kwa kiherehere chake alisahau kwamba jina hilo alishampa mwanawe, na mwenye nalo yuko mezani nyuma yao, tonge la ugali limemganda mkononi.

"Naam, Mama?" Odero akaitika.

"Naam, Mama?" likaitika kabati, kwa sauti ile ile.

Mlango ukapasuka, kikatoka kitu cha ukubwa wa mtoto wa wiki moja, kinywa kimejaa meno ya mtu mzima, kikaja mbio kwa viwiko, kikamrukia Odero mguuni, kikamng'ata paja, kikapanda, kikamng'ata mbavu, kikapanda tena, kikinyonya kila mahali kilipochana, damu ikiruka mpaka kwenye pazia, Odero akipiga mayowe na kujigonga ukutani ili kimwachie, na Peres, ambaye hajawahi hata kuchinja kuku, akaichomoa pasi ikiwa bado ya moto na kukishindilia kile kitu usoni kwa nguvu zake zote, na papo hapo paji la uso la Odero likapasuka, nyama ikiungua kwa umbo la pasi.

Peres akaitupa pasi. Jamani, amekipiga kile kitu, na aliyeungua ni mume wake mwenye jina lile lile.

"Mama, lirudishe jina!" akalia. "Sema umekosea!"

"Nimekosea!" Mama Ajwang akapayuka. "Si Odero! Si Odero! Si Odero!"

Mara tatu, na mara tatu mwanawe akalegea. Kile kitu kilizidi kung'ang'ania. Aliyekuwa akivuliwa jina ni Odero mwenyewe, si kile kitu. Odero akaanguka mikononi mwa mkewe, akamtazama kama mtu aliyekutana naye stendi.

"Dada," akasema polepole, "mimi ni nani?"

Peres alifungua mdomo amwambie. Odero alikuwa ameshakufa.

Nyuma yake Mama Ajwang alikuwa amekiokota kile kitu, kimeshiba, na kukifunga ndani ya leso yake ya kiunoni, anakipapasa uso kwa vidole, maana macho hayaoni vizuri. "Amenyamaza," alinong'ona. "Mwanangu amenyamaza."

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kidogo kabla ya mtu kujibu. Debra akachungulia. Aliona leso tu, mguu mdogo ukichomoza. Meza ilikuwa imeficha sakafu.

"Waah, Peres! Nimesikia mtoto, nikasema siwezi kukaa! Mungu si Athumani! Hongera, sasa na wewe utajua furaha." Akapiga makofi. "Kwa hivyo tukuite Mama nani?"

Peres, chini nyuma ya meza, alikuwa bado amemkumbatia marehemu. Debra akajibiwa na sauti ya mtu aliyekuwa akicheza rumba na soksi zilizotoboka, ikitokea ndani ya leso.

"Mama Odero."